PS4 inavuma sana? Safisha mapezi ya kupozea kabla joto halijaua chipu

Feni ya PS4, mashine ya gemu ya Sony, haivumi bure. Chipu ikizidi joto, feni huongezewa kasi. Kwa hiyo mashine iliyokuwa kimya mwaka jana, leo ikianza kuvuma dakika kumi tu baada ya kufungua gemu ileile, ujue hewa haipiti vizuri. Ukipuuza, itafikia taa nyekundu na ujumbe kwamba imepata joto kupita kiasi. Zima hapohapo, na usiiwashe tena kabla ya kuisafisha.

Hatua ya 1: mahali inapokaa. Sony wanataka nafasi ya angalau sentimita 10 toka ukutani, na joto la chumba lisizidi nyuzi 35. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, chumba kilichofungwa hukaribia hapo bila shida. Toa kile kitambaa cha kufuma juu yake. Isikae juu ya king'amuzi, wala kwenye zulia. Ndani ya kabati lenye mlango, hewa moto inayotoka nyuma huvutwa tena ubavuni, na feni izunguke itakavyo, haitapoza.

Hatua ya 2: fungua. Hapa ni PS4 nene ya mwanzo (CUH-1000 na 1100). Matoleo ya baadaye, Slim na Pro, hufunguliwa kwa namna nyingine. Kama waranti bado ipo, usivunje vibandiko. Chomoa waya zote, subiri nusu saa, igeuze chini juu. Nyuma kuna skrubu nne, baadhi zimefichwa chini ya vibandiko. Tumia bisibisi ya nyota T8 yenye tundu katikati. Ya bapa itakula vichwa. Inua kifuniko kuanzia nyuma.

Hatua ya 3: toa pawa saplai, boksi linaloipa mashine umeme. Fungua skrubu zake, zile ndefu uzitenge. Linyanyue boksi wima, taratibu, maana limechomekwa kwenye pini za bodi, na chini yake kuna waya usioutaka ukatike. Boksi lenyewe usilifungue kamwe: kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa umeme.

Hatua ya 4: mapezi. Sasa utaona hitisinki, yaani mapezi membamba ya chuma pembeni ya feni, yanayotoa joto kwenye chipu. Upande unaopokea upepo vumbi hushikana likawa kama sufi ya mto. Ndiyo maana kupuliza kwa nje hakusaidii: unalisukuma lizidi kujibana. Livute kwa kibano, kisha pitisha brashi laini, halafu puliza kwa vipindi vifupi kutokea upande wa pili. Feni ishike kwa kidole. Ikizungushwa na upepo mkali, beringi huumia na mota huzalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Kompresa ya gereji usiitumie. Hutema maji na mafuta.

Hatua ya 5: rudisha, ujaribu. Kama bado inavuma na mapezi ni safi, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya chipu na hitisinki imekauka. Kuibadilisha kunataka kutoa bodi nzima, na kama hujawahi, mpe fundi. Anayeijua kazi atafuta ile ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, atapaka mpya kwa utando mwembamba, kisha atakaza skrubu za kibanio kinachoibana hitisinki kwenye chipu, kwa zamu, kidogo kidogo. Upande mmoja ukitangulia kukazwa, hitisinki hulala upande na chipu haishikwi sawasawa.

Nyumbani, kusafisha mara moja kwa mwaka kunatosha. Banda la gemu linalowaka kutwa kando ya barabara ya vumbi, usipitishe miezi mitatu.