Somo: Kuthibitisha aidentiti za trigonometria bila kuvuka alama ya =

Habari zenu wadau. Juzi nimesahihisha rundo la madaftari na kosa moja likajirudia mpaka wino mwekundu ukakaribia kuisha. Mwanafunzi kaambiwa athibitishe, yeye anakokotoa. Anaandika pande zote mbili, anazidisha huku, anahamishia kule, mwishowe anafika 1 = 1 na kupigia mstari kwa rula, mara mbili. Maksi hakuna.

Aidentiti si mlinganyo wa kutafutia x. Ni dai kwamba pande mbili ni kitu kimoja kwa kila pembe, ilimradi asili (namba ya chini) ya sehemu yoyote isiwe sifuri. Ukishaanza kuhamisha vitu kupita alama ya =, umeshalikubali dai ambalo ulitakiwa kulithibitisha. Ubaya wake huu hapa: andika −1 = 1, pandisha pande zote kwa kipeo cha pili, unapata 1 = 1. Je, umethibitisha kwamba −1 ni sawa na 1?

Vya kuwa navyo kichwani ni vichache. SOTOCAHAH yenu ya kidato cha pili (sin = mkabala/haipotenusi, tan = mkabala/jirani, cos = jirani/haipotenusi), kisha:

tan A = sin A / cos A
sec A = 1 / cos A
cosec A = 1 / sin A
sin²A + cos²A = 1

Huo mstari wa mwisho ni Pythagoras yuleyule: chukua a² + b² = c² ya pembetatu mraba, gawa kote kwa c². Ukiugawa wenyewe kwa cos²A unapata tan²A + 1 = sec²A, kwa hiyo sioni haja ya kuikariri hiyo nyingine.

Sasa tufanye moja pamoja. Thibitisha kwamba

(1 + cos A)/sin A + sin A/(1 + cos A) = 2 cosec A

Hatua ya 1: Chagua upande wenye vurugu. Hapa ni wa kushoto. Kuvunja nyumba ni rahisi kuliko kuijenga. Ukianza na 2 cosec A utajuaje kwamba inazaa sehemu mbili?

Hatua ya 2: Geuza kila kitu kiwe sin na cos. Kushoto tayari. Pembeni, kwenye rafu (karatasi ya kujaribia), andika kwamba 2 cosec A ni 2/sin A. Huko ndiko tunakokwenda.

Hatua ya 3: Kuna sehemu mbili, basi tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili zake, kama darasa la tano. Ni sin A(1 + cos A). Kiasi, yaani sehemu ya juu, kinakuwa:

(1 + cos A)² + sin²A

Hatua ya 4: Fungua mabano, halafu tulia. Wengi wanakimbia hapa na kuandika 1 + cos²A, wakisahau namba ya katikati.

1 + 2cos A + cos²A + sin²A

Umeona wale wawili wa mwisho? Ni 1. Kwa hiyo 2 + 2cos A, yaani 2(1 + cos A).

Hatua ya 5: Rudisha asili yake: 2(1 + cos A) / [sin A(1 + cos A)]. Kata (1 + cos A) juu na chini, inabaki 2/sin A, ambayo ni 2 cosec A. Upande wa kulia hatukuugusa hata kidogo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Shikamoo mwalimu. Pande zote zikiwa na vurugu, naweza kurahisisha huu na huu?
Jibu: Marahaba. Unaweza, ila kila mmoja kivyake. Maliza wa kushoto, ruka mstari, anza wa kulia. Zikifika mahali pamoja, umemaliza.

Swali: Nimekwama kwenye (1 − sin x)/cos x = cos x/(1 + sin x). Kila kitu tayari ni sin na cos, hakuna cha kugeuza.
Jibu: Tazama unakokwenda. Kulia kuna 1 + sin x na wewe huna, basi ilete: zidisha juu na chini kwa (1 + sin x). Juu inakuwa 1 − sin²x, ambayo ni cos²x. Chini ni cos x(1 + sin x). Kata cos x moja. Ukiona 1 − sin au 1 + cos imekaa peke yake, mtafutie mwenzake.

Swali: Mimi nimejaribu sin A + cos A = 1 kwa 0° na 90°, zote zimekubali. Si inatosha?
Jibu: Jaribu 45°. Utapata kama 1.414. Pembe moja inayokataa inatosha kuliua dai, lakini hata pembe elfu zinazokubali si uthibitisho. Kwenye rafu jaribu tu, inasaidia kugundua swali lililokosewa kuchapwa.

Swali: Mwalimu wetu amenikata maksi kwa kuandika sin² + cos² = 1. Jibu si ni lilelile?
Jibu: Kakukata kwa haki. Sin bila pembe ni kama kusema "mtoto wa" ukanyamaza. Wa nani? Halafu ukikutana na swali lenye A na 2A pamoja, hiyo hiyo ndiyo itakayokupoteza.