Jinsi ya kupimwa na kutibiwa ipasavyo tezi ya tiroidi inapolegea: kwa wagonjwa wa Bukavu

Mtu anayelalamika Bukavu kwamba anachoka kila siku na ananenepa ilhali hajaongeza chakula, mara nyingi hupimwa kwanza malaria na tifoidi. Hilo si kosa, kwa kuwa magonjwa hayo yapo. Kosa ni kumpa dawa za malaria mara ya tatu huku choo chake kikiwa kigumu, ngozi ikikauka, nywele zikikatika, naye akivaa sweta saa sita mchana mwezi wa saba, jua likiwaka Ibanda nzima.

Dalili hizo huweza kuwa za tiroidi, tezi iliyo mbele ya shingo, inapolegea, yaani inapotoa homoni kidogo mno. Zikiandamana kwa wiki kadhaa, ziandike kwenye daftari kabla ya kumwona daktari: zilianza lini, hedhi imebadilikaje, na moyo unapiga mara ngapi kwa dakika ukiwa umetulia. Mtajie pia jamaa mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni, hasa ikiwa ukoo wenu unatoka kisiwa cha Idjwi, ambako rovu limejulikana tangu zamani kwa sababu ya uhaba wa iodini, ukizidishwa na muhogo usiolowekwa vya kutosha. Hata hivyo, tiroidi inaweza kulegea bila shingo kuvimba, kwa hiyo daktari aliyeishia kukupapasa shingo bado hajakupima.

Omba kipimo cha TSH kwa jina lake. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ili kuihimiza tiroidi ifanye kazi. Tiroidi ikilegea, TSH hupanda. Ikiwa imepanda, au dalili ni nzito ingawa TSH ni ya kawaida, omba T4 huru, yaani kipimo cha homoni inayotolewa na tiroidi yenyewe. Si kila maabara ina mashine ya vipimo hivi, basi uliza kabla ya kutolewa damu: wanapima wenyewe au wanatuma kwingine, ni bei gani, majibu yatatoka siku gani? Kama unameza vidonge vya nywele vyenye biotini, viache siku mbili kabla, kwani huweza kupotosha majibu.

Usikubali karatasi iliyoandikwa «normal» tu. Dai namba yenyewe pamoja na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo, ambacho kwa watu wazima wengi huwa takriban 0.4 hadi 4. TSH iliyozidi 10 kwa kawaida hutibiwa. Iliyopanda kidogo huku T4 ikiwa ya kawaida hurudiwa baada ya miezi 2 au 3, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye hangoji.

Dawa ni levotiroksini. Dozi kamili hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya mwili, yaani karibu 100 kwa mtu wa kilo 60, lakini mzee au mgonjwa wa moyo huanzishiwa 25. (Soma vizuri kasha: ni mikrogramu, si miligramu.) Meza kwa maji matupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya asubuhi, na vidonge vya chuma au kalisi vingoje muda wa saa nne baada yake.

TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, na vivyo hivyo kila dozi inapobadilishwa. Daktari akikuambia urudi mwakani kabla namba haijatulia, fungua daftari, mwonyeshe tarehe, dozi na TSH ya mwisho, kisha umwombe akuandikie kipimo kingine. Ukianza kuhisi moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, dozi huenda imezidi; ukipata mimba, nenda wiki hiyohiyo, kwa sababu dozi kwa kawaida huhitaji kuongezwa.