Piga hesabu mwenyewe: umeme uliobaki kwenye betri ya nyuklia ya chombo cha anga za juu

Watu wengi wakishasikia kwamba nusu uhai ya plutoniamu-238, ile metali ya mionzi inayoendesha betri hizi, ni miaka 87.7 (yaani kila miaka hiyo ikipita inabaki nusu yake) wanaishia hapo hapo, wanasema basi Voyager, chombo cha Marekani kilichoko mbali kabisa angani, itakuwa na umeme mpaka wajukuu zetu wazeeke. Sio hivyo bana, na hesabu ya kuonyesha kwa nini sio hivyo unaweza kuipiga kwa simu hiyo hiyo unayosomea hapa, wala huhitaji kuwa umesoma fizikia.

Kwanza elewa kinachofanyika mle ndani. Plutoniamu-238 inatoa chembe za alfa muda wote, chembe zinagonga mafuta yenyewe, yaani hiyo hiyo plutoniamu, yanapata joto, gramu moja ikiwa safi inatoa kama wati 0.57 za joto bila kuwashwa na mtu na bila kuzimika. Joto linapita kwenye thamokapo, yaani vipande vya metali na vitu vinavyofanana nayo ambavyo upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi vinatoa umeme. Hakuna kinachozunguka. Ila vinapoteza sana, kwenye ile betri ya Perseverance, kigari cha Marekani kilichoko Mars, joto ni kama wati 2000, sawa na jiko la umeme la plate mbili, na umeme unaotoka ni wati 110 tu. Ukigawanya unapata asilimia 5 na nusu.

Haya, hesabu. Fungua kalkuleta ya simu, kama huoni alama ya kipeo ilaze simu kwa ubavu mara nyingi itatokea. Andika hivi:

umeme wa mwanzo × 0.5 ^ (miaka iliyopita ÷ 87.7)

Mabano usiyasahau, ukiyaacha itakupa namba ya ajabu kabisa. Kama kalkuleta yako haina kipeo, zidisha kwa 0.9921 mara moja kwa kila mwaka, utafika pale pale ila kidole kitachoka.

Tuijaribu kwa Voyager 1. Ilirushwa Septemba 1977 ikiwa na betri tatu, jumla wati 470 hivi. Tuulize mwaka 2011 ilikuwa na ngapi, hiyo ni miaka 34: 470 × 0.5 ^ (34 ÷ 87.7), jibu ni wati 359. Safi. Sasa shida ni kwamba namba halisi iliyopimwa Oktoba 2011 ilikuwa karibu wati 268! Wati 90 na kitu zimeenda wapi?

Hapo ndo pa kukaa kidogo. Plutoniamu haijadanganya, joto lipo kama fomula inavyosema. Kilichochoka ni thamokapo, zimekaa kwenye moto miongo mitatu, zinachakaa, na joto lenyewe likipungua tofauti ya moto na baridi inapungua kwa hiyo nazo zinabadilisha kidogo zaidi. Ukitafuta kasi halisi ya kutoka 470 mpaka 268 kwa miaka 34 unakuta betri ilikuwa inapoteza kama asilimia 1.65 kwa mwaka, wakati kuoza kwa plutoniamu peke yake ni asilimia 0.79. Yaani zaidi ya nusu ya hasara haitoki moja kwa moja kwenye kuoza kwa plutoniamu.

Kwa hiyo kwa Voyager badala ya ile fomula zidisha kwa 0.9835 kila mwaka. Ipime: mwanzoni mwa 2001 inakupa kama wati 320, na iliyopimwa kwa Voyager 1 ilikuwa 315. Sio mbaya. Lakini usiibebe namba hiyo ukaipachika kwenye chombo kingine, kila aina ya betri ina uchakavu wake. New Horizons mfano, chombo kilichotumwa Pluto, ilianza 2006 na wati 245 hivi, fomula ya nusu uhai inasema ingefika Pluto 2015 na wati 228, ikafika na karibu 200.

Kitu kingine watu wanasahau, saa haianzi siku ya kurusha, inaanza siku mafuta yalipotengenezwa. Plutoniamu-238 haichimbwi, Wamarekani wanaipata kwa kuweka neptuniamu-237 ndani ya riakta (mitambo ya nyuklia) za utafiti, ya Oak Ridge kule Tennessee na ya Idaho. Neptuniamu inameza nyutroni inakuwa neptuniamu-238, hiyo nusu uhai yake ni siku 2.1 tu, halafu inageuka plutoniamu-238. Fomula ni ile ile: weka 0.5 ^ (siku 21 ÷ 2.1), imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Uzalishaji wa zamani wa kituo cha nyuklia cha Savannah River ulisimama 1988, wakawa wananunua Urusi, na Oak Ridge ndo wakaonyesha gramu 50 mpya Desemba 2015. Lengo ni kilo 1 na nusu ya oksidi kwa mwaka. Betri moja ya Perseverance inabeba kilo 4.8 za oksidi hiyo, gawanya mwenyewe uone ni miaka mingapi ya kazi, ndo maana stoo inachanganya mafuta mapya na ya zamani.

Na kwa sisi wa pwani kuna hesabu moja ya karibu. Aprili 1964 setilaiti ya Marekani ilishindwa kufika kwenye njia yake, betri yake yenye karibu kilo 1 ya plutoniamu-238 ikaungua juu ya Bahari ya Hindi kaskazini mwa Madagaska, vumbi likasambaa angani dunia nzima. Miaka 60 baadaye, 0.5 ^ (60 ÷ 87.7), bado asilimia 62 ipo. Baada ya hapo ndo wakabadili muundo, betri zisiungue tena, zishuke nzima.

Ukitaka zoezi chukua Dragonfly, droni ya NASA iliyopangwa kurushwa 2028 na kufika Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, 2034 na betri kama ya Perseverance. Miaka 6 kutoka wati 110 inakupa 105. Hiyo ni dari tu, thamokapo zitakula chao humo.