HANS haina faida kama mikanda imelegea

Kazi yangu ni kuwafunga madereva wa mbio kwenye viti vyao wakiwa wamevaa HANS, yaani kola ngumu ya kukinga shingo, yenye mikono miwili inayolala mabegani na kamba zinazoiunganisha na helmeti. Kosa ninalolikuta kila mara ni lile lile: mabega yamebana, kiuno kinacheza.

Kwa hiyo anza na kiuno. Dereva asukume makalio mpaka mwisho wa kiti. Mkanda ushike mifupa ya nyonga, usipande tumboni, maana ukipanda, gari likigonga kwa mbele unaminya matumbo. Ukaze kwelikweli. Dereva akisema "inatosha", mimi huvuta mara moja zaidi. Kisha kaza mikanda ya mapajani, ambayo huzuia kifungio cha mikanda kisivutwe juu utakapofika mabegani.

Mikanda ya mabega ipite juu ya HANS, katikati ya kila mkono wake, isiteleze pembeni. Kumbuka kwamba HANS haikufungwa popote kwenye gari. Mikanda hiyo ndiyo inayoishikilia. Ikiwa imelegea, kichwa kinaporushwa mbele HANS nayo inakifuata, na kamba za helmeti zinakosa pa kujishikiza. Dereva wa mbio Dale Earnhardt alikufa kwenye mbio za Daytona, Marekani, mwaka 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu, na HANS ilibuniwa kuzuia jeraha la aina hiyo hasa.

Sasa sikiliza vizuri. Ukivuta ncha ya mkanda, kipande cha kifuani kinakaza haraka, lakini cha nyuma, kati ya HANS na kiti, kinaweza kubaki na ulegevu kwa sababu mkanda unakwama juu ya HANS. Niliwahi kupenyeza vidole vitatu nyuma ya bega la dereva aliyeniapia kwamba amebanwa. Tangu siku hiyo mkono wangu mmoja huingia nyuma ya bega na kusukuma mkanda uje mbele juu ya HANS, huku mwingine ukivuta ncha chini. Dereva atoe pumzi na kukandamiza mgongo kitini. Kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka kifungio kikae katikati.

Vuta kila kamba ya helmeti kwa mkono uone kama imenasa. Dereva ageuze kichwa: lazima avione vioo vyote viwili.

Baada ya mizunguko michache ovaroli na sponji ya kiti hubonyea, na mikanda hulegea. Akisimama tena kwenye mstari wa kuanzia, akaze upya, kiuno kwanza.