Bajeti ya kaunti kwa vijana wa wadi: kipindi cha muda wa saa tatu, Kisumu, Kenya

Somo la uraia likianza na orodha ya haki, vijana husinzia. Anzia mtaroni. Chukua vijana 12 hadi 20 wa wadi moja, tuseme Nyalenda B, mzunguke mtaa kwa nusu saa. Kila mmoja aandike kitu kimoja kinachomkera: mtaro ulioziba, taa isiyowaka, zahanati isiyo na dawa. Mkirudi, pigeni kura mbaki na kimoja.

Kabla ya kura, ondoa yasiyo ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: zahanati, chekechea, masoko, maji na barabara za kaunti ziko kwa gavana; polisi, shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. Kikundi kikiruka hatua hii, kitapeleka malalamiko ya madarasa kwa ofisi isiyohusika na kurudishwa mikono mitupu.

Sasa bajeti. Usichapishe kitabu kizima cha makadirio, yaani mpango wa mapato na matumizi ya mwaka, kitawavunja moyo. Kurasa sita zinatosha: muhtasari, idara inayohusika, na kiambatisho cha miradi ya kila wadi. Kila vijana wanne wapate seti moja, kalamu za rangi mbili na simu ya kupigia hesabu. Mazungumzo yaende kwa Dholuo au Kiswahili, vyovyote wanavyobishana nyumbani. Maandishi ndiyo yafuate lugha ya ofisi.

Zoezi la kwanza: gawanya fedha za maendeleo kwa jumla ya bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 iende kwa maendeleo, lakini kwa kipimo cha miaka kadhaa, kwa hiyo mwaka mmoja ulio chini si ushahidi wa wizi. Kosa la kawaida hapa ni kutosoma kichwa cha jedwali. Kama kimeandikwa "kwa mamilioni", 14 ni shilingi 14,000,000, na kijana atakayesimama barazani kusema shilingi kumi na nne atachekwa na hoja yake ife hapo hapo.

Zoezi la pili: tafuta mradi mliouchagua. Ukiwemo, msishangilie bado. Kutengewa fedha si kulipwa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ofisi ya kitaifa inayofuatilia matumizi ya bajeti, zinazotolewa kila robo mwaka, huonyesha kila idara ilitumia kiasi gani. Zilinganisheni na makadirio.

Mradi ukiwa kwenye karatasi na mtaro bado umeziba, andikeni barua ya kuomba habari. Hili ndilo zoezi lenye manufaa kuliko yote, litengeeni dakika 50. Msingi wake ni kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Iandikeni kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkuu wa idara. Ombeni hati, si maelezo. "Kwa nini mmetutelekeza?" haijibiki. "Naomba nakala ya mkataba, orodha ya vipimo na gharama, na vyeti vya malipo ya mradi huu kwa mwaka huu wa fedha" inajibika. Sababu ya kuomba si lazima. Ukiitaja, haipunguzi wala haiongezi haki yako. Atie sahihi mtu mzima mwenye kitambulisho, ili ofisi isipate kisingizio.

Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri huo hamna pa kuanzia kuhesabu siku 21 ambazo ofisi imepewa kujibu. Inaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, kama kazi ni kubwa. Kuomba ni bure. Mnacholipia ni gharama ya kunakili. Wakinyamaza, ombi linahesabiwa limekataliwa, na mna siku 30 za kukata rufaa kwa Tume ya Haki za Utawala, inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Mwezi wa kufanya kipindi una maana yake. Taarifa ya sera ya fedha ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na ndiyo inayoweka kikomo cha matumizi ya kila idara. Makadirio hufuata kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kwa hiyo Mei mkidai zahanati mpya bila kutaja ni wapi papunguzwe, kamati ya bajeti itawasikiliza kwa adabu na kuwasahau. Mkitaka nyongeza, fanyeni kipindi Januari.

Kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, msemaji mmoja, ukurasa mmoja: jina la wadi, namba ya ukurasa wa makadirio, kiasi, na mnachotaka kibadilike. Mkabidhini karani nakala hata kama mmepewa nafasi ya kuongea, maana ya mdomo hupotea kwenye kumbukumbu. Vijana wakichagua maandamano badala yake, taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi itolewe si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla, na saa ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni.