Somo: Unakwenda Iceland? Ogopa upepo kabla ya baridi

Wakuu, habari zenu. Tangu niseme nimerudi Iceland, kila anayenitafuta anauliza anunue koti gani. Koti ni jambo dogo. Reykjavík, mji mkuu, katikati ya Januari huzunguka nyuzi sifuri tu, na mtu wa Makete aliyezoea sakitu hatashtuka sana. Kinachoua kule ni upepo, maji na papara za mgeni. Twende hatua kwa hatua.

1. Kabla ya kupanda ndege. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Iceland, inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Dawa zako ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Mwenye selimundu amwone daktari wake kwanza, maana baridi na mwili kukaukiwa maji vinaweza kuamsha maumivu. Mwenye pumu asiachane na dawa yake ya kuvuta.

2. Nguo. Vaa tabaka tatu: sufu ndani, kitu cha kutunza joto katikati, na nje kisichopitisha maji wala upepo. Jinzi ziache nyumbani. Pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto. Majira ya baridi nunua vyuma vya meno vya kuvisha chini ya viatu, kwa sababu njia za miguu zinakuwa kioo kitupu.

3. Kila asubuhi kabla ya chai. Fungua vedur.is uone hali ya hewa, umferdin.is uone barabara, na safetravel.is kwa tahadhari nyingine. Tahadhari zina rangi: njano, chungwa, nyekundu. Barabara ikiandikwa imefungwa, usimtafute mwenyeji wa kukupitisha njia ya panya.

4. Gari. Hapa nililipa ada ya shule. Nilisimama kupiga picha, nikafungua mlango bila kuushika, upepo ukaupindua mpaka ukagusa bodi la mbele. Bima niliyokatiwa haikugusa uharibifu wa upepo. Kwa hiyo egesha gari likielekea upepo unakotoka, fungua mlango kwa mikono miwili, na abiria wako waambie hivyo hivyo. Mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe, 50 mjini. Barabara zenye herufi F ni za gari linalovuta magurudumu yote manne, tena kiangazi tu.

5. Maji. Sisi wa pwani tunajiona tunaijua bahari. Kwetu mwamba unalivunja wimbi mbali, linafika ufukweni limechoka. Reynisfjara, ule ufukwe wa mchanga mweusi karibu na Vík, hakuna mwamba wa kukukinga, na maji yanakuwa na kina ghafla. Yatakuja mawimbi madogo sita, saba, utazoea, halafu linakuja moja linapanda mpaka ulipoweka begi lako. Watu wamefia pale. Kuna taa za tahadhari: nyekundu ikiwaka, usishuke. Na hata ikiwa kijani, usiipe bahari mgongo kwa ajili ya selfi.

Maji ya moto nayo yana yake. Chemchemi ya Strokkur hurusha maji kila baada ya dakika chache, yakiwa karibu na kuchemka. Kaa nyuma ya kamba. Bomba la moto hotelini hunuka yai viza. Hiyo ni salfa, haidhuru, ila maji yenyewe yanaweza kukubabua. Bomba la baridi kunywa moja kwa moja, usinunue chupa.

6. Volkano na barafu. Mji wa Grindavík ulihamishwa watu Novemba 2023, na milipuko ikafuata. Ukienda kutazama lava, kaa upande upepo unakotoka, usishuke bondeni, gesi hutuama huko. Juu ya mito ya barafu usiende bila kiongozi. Agosti 2024 barafu iliporomoka kwenye mto wa barafu wa Breiðamerkurjökull ikaua mtalii aliyekuwa na kundi lenye viongozi, sembuse wewe peke yako.

Namba ya dharura ni 112. Ushauri wa afya usio wa dharura, 1700.

MASWALI

Mtanga: Mkuu, malaria kule hakuna, si ndiyo?

Hakuna. Mbu wenyewe walionekana mara ya kwanza Oktoba 2025, watatu tu, tena si wa malaria. Lakini wewe unaweza kuondoka nayo nyumbani ikakulipukia huko. Homa ikikushika, daktari atafikiria mafua. Mwambie mapema umetoka nchi yenye malaria, akupime.

Mama Nasra: Nasikia kwenye mabwawa ya kuogelea lazima uoge uchi mbele za watu. Kweli kaka?

Kweli dada. Unajisugua kwa sabuni bila nguo, wanawake kwao, wanaume kwao, ndipo unavaa na kuingia bwawani. Baadhi ya mabwawa yana kibanda cha mtu mmoja, uliza mapokezi. Usipite bila kuoga, utarudishwa.

Chande: Juni mnalalaje na jua haliishi?

Kitambaa cha macho, na saa ya ukutani. Mimi nilikula chakula cha jioni saa sita usiku nikidhani ni magharibi.

Mtanga: Na ule mlango, ulikutoka shilingi ngapi?

Mkuu, shemeji yako anasoma humu humu. Nitafute pembeni.