Somo: Kufungua kwa b3, na Larsen alivyofungwa kwa hatua 17

Panga ubao wa sataranji kwanza, somo hili halisomwi kwa macho tu. Herufi na namba, kama b3, ni jina la mraba; likija peke yake bila jina la kete, anayekwenda hapo ni askari. Mchezo ni wa Belgrade, 1970, Umoja wa Kisovyeti dhidi ya Dunia Nzima. Meza ya kwanza: Bent Larsen wa Denmark, mweupe; Boris Spassky, bingwa wa dunia wakati huo, mweusi. Bobby Fischer wa Marekani alikaa meza ya pili ya Dunia Nzima!

1. Askari b3, mweusi e5. Askofu b2, farasi c6. Ndiyo kazi ya ufunguzi wa pembeni: unamwachia mwenzako katikati, halafu unaishambulia kutoka mbali. Hadi hapa Larsen yuko salama.

2. c4, farasi f6. Sasa Larsen anatoa farasi f3, na askari wa e4 anamtimua. Farasi anakimbilia d4, anamla mwenzake c6, naye analiwa na askari wa d. Zamu tatu zimekwenda kwa farasi ambaye hayupo tena.

3. Spassky anatoa maaskofu c5 na f5, malkia e7, anamficha mfalme upande wa malkia. Larsen anacheza e3, malkia c2, askofu e2, kisha f4. Mfalme wake bado yuko katikati. Farasi mweusi anaruka g4.

4. g3, h5. h3, h4! Farasi ameachwa makusudi. Larsen anamla, askari wa h anakula g3, ngome nyeupe inahamia g1. Simama hapo, tafuta mwenyewe kabla ya kuendelea.

Ngome nyeusi h1! Inajitoa iliwe, ili ngome nyeupe iondoke g1 na askari apite g2. Larsen akaila, askari akafika g2. Larsen akarudisha ngome f1; malkia mweusi h4, cheki (mfalme anashambuliwa); mfalme d1; askari akala f1 akawa malkia. Larsen akasalimu amri.

MASWALI

Mwalimu, hatua ya 16 ngome nyeupe ingerudi g1 badala ya f1 je?
Malkia h4 cheki, mfalme d1, malkia h1. Ngome inaliwa kwa cheki, na yule askari wa g2 hana wa kumzuia.

Kwa hiyo b3 tuitupe?
Hata kidogo. Hatua ya 3, badala ya c4, cheza e3, farasi wa f3 asubiri.

Larsen alipona kweli baada ya hapo?
Mchezo uliofuata alimfunga Spassky. Wasovyeti walishinda pambano lote 20½ kwa 19½.